Geuzeni Hiyo Skrini

Kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia, kambi zetu zinaletewa kitu ambacho hazina mwaka mzima: skrini kubwa ya LED. Inakuja juu ya lori kutoka Mbarara au Kampala, na vyuma vyake, na jenereta yake, na mafundi wake. Inasimamishwa, inawaka siku moja, inafunguliwa, inaondoka. Watoto wanalikimbilia lori mpaka vumbi linawashinda. Na sisi wakubwa tunabaki tunaulizana: ile kitu ilikuja kwa ajili ya nani?

Jibu langu ni hili, na ninalitoa kama mtu anayefanya kazi na vijana hapa Nakivale: haikuja kwa ajili yetu. Inakodishwa kwa jina letu, inasimama kwenye uwanja wetu, lakini inawaangalia wageni. Sitaki iondolewe. Nataka igeuzwe.

Nasema sitaki iondolewe kwa sababu najua wako ndugu zangu wanaosema tofauti: "Hiyo pesa si ingenunua unga?" Ninawaelewa kabisa. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu, na waliotupwa kundi la tatu hawakupata chochote. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja walikatwa kwenye msaada wa chakula. Mtu aliyelala na njaa akaamkia skrini inayowaka mchana kutwa, hasira yake ina haki.

Lakini hesabu ya unga ikianza haina mwisho. Mpira wa vijana ungenunua unga. Gitaa la kwaya lingenunua unga. Hata karatasi ya gazeti hili unalolisoma ingenunua unga. Mwishowe tutakuwa tumekubali wenyewe kwamba mkimbizi ni tumbo linalotembea, kwamba akishapewa kula asiombe kingine. Mimi sikubali. Na hiyo sherehe ya tarehe 20 mwezi wa sita si zawadi tuliyopewa na watu wa mbali. Tarehe hiyo ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika kabla Umoja wa Mataifa haujaamua, Desemba 2000, kwamba iwe ya dunia nzima, na ikaanza kuadhimishwa hivyo mwaka 2001. Siku ilitoka kwetu. Kwa hiyo ngoma ipigwe, watu wapendeze, na skrini iwake. Kelele yangu ni juu ya jinsi inavyotumika.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengi wanakiona kama uchawi fulani wa Kampala. Skrini hii si televisheni moja kubwa, ni vipande vingi. Kila kipande mafundi wanakiita paneli, na zile za kukodisha mara nyingi ni sentimita 50 kwa 50. Zinafungwa moja kwa nyingine kama matofali. Ukitaka skrini ya upana wa mita 4 na urefu wa mita 3, unapanga paneli 48. Kwa kawaida bei inahesabiwa kwa mita ya mraba kwa siku, halafu unaongeza usafiri, mafundi, vyuma vya kusimamishia na mafuta ya jenereta.

Ndani ya paneli kuna vitone, na kila kitone kina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Hiyo ya buluu isikuchezee. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakukuwa na taa ya buluu ya aina hii yenye mwanga wa kutosha, na bila buluu huwezi kupata rangi zote. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani walioifikia walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Sasa chukua paneli ya P3.9, yaani toka kitone hadi kitone ni milimita 3.9. Paneli moja ina vitone 128 kwa 128. Piga hesabu ya zote 48, na kila kitone taa tatu: ni taa zaidi ya milioni mbili. Milioni mbili! Kumbuka hiyo namba, nitairudia.

Mafundi wana kanuni yao ya haraka: milimita moja, mita moja. Skrini ya P3.9 inaanza kupendeza ukiwa umbali wa mita 4 hivi; ukiisogelea zaidi unaona vitone tu, huoni picha. Maana yake kifaa chenyewe kinakuambia mtazamaji wake akae wapi. Akae mbali. Mtu aliye hatua kumi kutoka jukwaani hahitaji skrini, ana macho. Skrini kubwa ni ya mtu wa nyuma. Ni ya mama aliyefika na mtoto mgongoni akakuta watu wamejaa. Ni ya mzee anayetembea na fimbo ambaye hawezi kusukumana. Ukiielekeza kwa watu wa mbele, ni sawasawa na kumwashia mtu taa mchana.

Na sisi tunafanya nini? Angalia uwanja unavyopangwa. Jukwaa liko huku. Mbele yake, uso kwa uso, kuna hema la wageni, viti vina vitambaa vyeupe, maji ya chupa juu ya meza. Skrini iko ubavuni mwa jukwaa, imeangalia hema. Watu wenyewe wa kambi, wenye siku yao, wako pembeni na nyuma ya hema, na paa la hema linaikata skrini nusu. Nimesimama kule nyuma na vijana mara nyingi. Utasikia: "Huku tunaona tu migongo ya batu." Mama mmoja alinivuta shati akaniuliza, "Mwanangu, ule mukubwa anasema nini?" Mimi nilikuwa nasikia nusunusu, nikamweleza nusunusu. Skrini ya pesa nyingi inawaka pale, na habari inamfikia mama kwa njia ya kunong'onezwa sikioni.

Halafu tujiulize inaonyesha nini. Nembo. Nembo ya huyu, nembo ya yule, zinazunguka kama tiara. Zikimaliza zinaanza tena. Kisha picha za mradi wa mwaka jana, watu wanacheka wameshika majembe mapya. Kisha uso wa mgeni anayehutubia kwa Kiingereza. Kiswahili? Hakuna. Kirundi? Hakuna. Kinyarwanda, Kisomali? Hakuna. Taa zaidi ya milioni mbili, na hakuna hata moja iliyowashwa kuandika neno ambalo yule mama angelisoma.

Mtu asituambie kwamba kuomba Kiswahili ni kuomba makubwa. Katiba ya nchi hii inayotupokea, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na Katiba hiyohiyo ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Sasa kijana kiziwi akija kwenye sherehe, afuate nini? Spika hazimsaidii hata zikiwa ishirini. Kifaa pekee uwanjani ambacho kingeweza kusema naye ni skrini. Na skrini iko bize na nembo.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni hili. Habari zinazogusa maisha yetu, nani yuko kundi gani la chakula, nani amekatwa, malalamiko yanapelekwa wapi, mwisho lini, mara nyingi zinatufikia kwa karatasi. Karatasi moja, ukubwa wa daftari, kwa Kiingereza, imebandikwa ukutani. Watu wanasongamana. Mwenye kusoma anawasomea wasiosoma, na akikosea wote wanakosea. Mvua ikinyesha, wino unakimbia. Nimewaona watu waliokuja kuuliza habari zao wakati siku za kulalamika zimeshapita, si kwa uzembe, ila neno halikuwafikia. Basi weka vitu hivi viwili sambamba: jina la mfadhili linapata mita 12 za mraba na jenereta yake, jina la mama aliyekatwa chakula linapata mstari mmoja kwenye karatasi iliyolowana. Hapo ndipo utajua nani anahesabiwa kuwa mtu wa kuonekana.

Tena kuna kuonekana kwingine ambako hatukuomba. Kuna wakati skrini inaacha nembo na kutuonyesha sisi. Dada anaitwa jukwaani asimulie jinsi alivyokimbia. Analia. Kamera inamsogelea. Uso wake unakuwa na urefu wa mita 3, machozi yanaonekana mpaka barabarani, na simu mia zinarekodi. Jioni uko Facebook. Je, aliulizwa? Aliulizwa kwa lugha yake? Aliambiwa kwamba hapa si watu wa kijiji chake tu watakaomwona? Sisi hatukukimbia mvua, tulikimbia watu. Na watu hao wana simu. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume mwenye silaha. Kuna kijana aliyetoroka kundi la wapiganaji na bado anatafutwa. Kumkuza mtu kama huyo kwenye skrini bila ruhusa yake, ili wageni waguswe moyo, ni kumrudisha hatarini kwa kupigiwa makofi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Wafadhili lazima waonekane, bila hivyo pesa hazitakuja." Sawa, waonekane. Nembo inakaa vizuri kabisa kwenye kona ya skrini, siku nzima, bila kumziba mtu. Na mimi nadhani mfadhili mwenye akili anapenda maneno yake yaeleweke kuliko alama yake ipigwe picha. Hotuba ambayo watu elfu hawakuielewa haikumpa sifa yoyote. Ilimpa picha ya kupeleka ofisini tu.

La pili: "Vijana wa kambi hawawezi mitambo hii." Kwani hamjaingia kwenye vibanda vya video? Katika kambi zetu kuna vijana wanaonyesha mpira wa Uingereza na filamu kwa shilingi mia tano au elfu moja, kwa projekta chakavu, shuka jeupe ukutani na umeme wa kubahatisha. Hakuna aliyewapa semina. Na Uganda yote inajua kazi ya maveejay, wale wanaochukua filamu ya Wachina au Wamarekani na kuitafsiri kwa sauti, papo hapo, kwa Kiganda, mpaka bibi asiyejua kusoma anacheka mahali pa kucheka. Mwenye kibanda anajua kitu ambacho waandaaji wa sherehe hawakijui: asiyeelewa harudi kesho. Akigeuza shuka vibaya, akificha picha, akikosa tafsiri, kesho benchi ziko tupu na yeye hana pesa ya kula.

Hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Skrini inamwangalia anayelipa. Kwenye kibanda analipa mtazamaji, kwa hiyo picha inamwangalia mtazamaji. Kwenye sherehe anayelipa amekaa ndani ya hema, kwa hiyo picha inaangalia hema. Hakuna mtu mbaya aliyekaa usiku akapanga kutudharau. Ni kwamba sisi hatupo pale karatasi ya kukodisha inapoandikwa, na usipokuwepo kwenye karatasi, hutakuwepo kwenye skrini.

Kwa hiyo tuache kulalamika pembeni, tuingie kwenye karatasi. Tuna viongozi wetu tuliowachagua wenyewe kwenye RWC. Tuna kamati za vijana, za wanawake, za watu wenye ulemavu. Kabla skrini haijakodishwa, hao waione karatasi ya bei na waulize haya.

Kwanza, skrini inaangalia wapi? Zile paneli 48 si lazima ziwe skrini moja. Zigawe mara mbili, 24 na 24, utapata skrini mbili za mita 3 kwa 2. Moja iende kulia, moja kushoto, mbele zaidi ya hema, zote ziangalie umati. Mita za mraba ni zilezile, kinachoongezeka ni vyuma kidogo na waya. Wageni watageuza shingo. Sisi tumegeuza shingo miaka mingi na hatukufa.

Pili, ni za nje au za ndani? Hili watu wanadanganywa sana. Mwangaza wa skrini unapimwa kwa niti. Paneli za ukumbini, za harusi, mara nyingi zina niti elfu moja hivi. Juani, saa saba mchana, unahitaji kama elfu tano. Ukiletewa za ukumbini ukaziweka uwanjani, wahutubiaji wanakuwa vivuli vyeupe, na pesa imeshalipwa. Swali moja tu kabla ya kusaini linaokoa yote hayo.

Tatu, maneno. Hotuba zitolewe jana yake, vijana wazitafsiri, na mistari miwili ya herufi kubwa ipite chini ya picha. Herufi kubwa, narudia, maana mtu aliye mita 50 nyuma anaona uso vizuri lakini maandishi madogo hayasomi. Mkalimani wa lugha ya alama awekwe kwenye fremu yake, asiwe mdogo kama stempu. Na katikati ya hotuba, nusu saa iwe ya habari za kambi: chakula, shule, hospitali, malalamiko yanapelekwa wapi. Wageni nao wasome. Labda watajifunza kitu.

Nne, ruhusa. Hakuna uso wa mtu kukuzwa wala kurushwa mtandaoni kabla mwenyewe hajaulizwa kwa lugha anayoielewa, akiwa peke yake, siku kabla, na akijua kwamba akikataa hapotezi chochote.

Tano, usalama. Skrini ni kama turubai kubwa lililofungwa kwenye nguzo: upepo ukija unaisukuma. Vyuma vinahitaji uzito wa kutosha chini na nafasi tupu kuzunguka. Watoto wetu wanapenda kukaa miguuni pake kabisa. Nani kazi yake kuwaondoa? Jina lake liandikwe.

Sita, usiku. Hapa ndipo ninacheka kwa uchungu. Wageni wanaondoka saa kumi kwa sababu ya barabara. Saa kumi na moja skrini inazimwa na kufunguliwa. Yaani inawaka juani siku nzima haionekani vizuri, halafu inazimwa saa ileile ambayo jua linapoa na picha inaanza kung'aa! Na siku yote imeshalipwa. Andikeni kwenye mkataba kwamba itawaka mpaka saa nne usiku. Ongezeni mafuta ya jenereta na walinzi. Tuonyeshe filamu fupi ambazo vijana wetu wanazitengeneza kwa simu. Tuonyeshe mpira. Tuonyeshe kwaya zikiimba, na bibi waliokaa nyuma mwaka jana waone nyuso za wajukuu wao zikiwa kubwa, wakicheka, kwa ruhusa yao. Kwa siku moja watu waliozoea kuonyeshwa wawe ndio wanaoangalia.

Vijana wenzangu, vikao vya maandalizi vinaanza mapema, na mara nyingi tunaitwa ili tupewe fulana na kubeba viti. Mwaka huu ukiitwa, usiulize kwanza fulana zitakuwa rangi gani. Uliza skrini itaangalia wapi, itasema lugha gani, na itazimwa saa ngapi. Wakikujibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, wewe sasa unajua: ni paneli 48, ni milimita na mita, ni niti, ni waya na vyuma. Wakikujibu kwamba bajeti imeshafungwa, waombe waifungue mbele yako mhesabu pamoja. Na wakisema wageni ndio lazima waone, waambie wageni tumewawekea karibu na jukwaa, wanaona. Wasioona ni wenye siku.